Presha ya Mafuta Hupimwa Injini Ikiwa Kazini

Mwenyekiti, mafundi wenzangu, vijana mnaojifunza kazi hii, na ninyi wenye magari mliokuja kusikiliza ili mjue mnacholipia, nawasalimu nyote.

Nimepewa mada ya gari la michezo lenye turbo linalokosa mafuta, na nitaingia moja kwa moja. Gari ninalolisema mnalijua. Likiwa silensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa, halina neno. Kwa mwendo wa kawaida linatii. Dereva akikanyaga mpaka chini, turbo ikaanza kusukuma, linavuta hadi mizunguko 4,500 hivi kwa dakika, kisha linalegea, au linakatakata, au unasikika ndani ya injini mlio kama wa changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo. Mwenye gari analileta, anaeleza, na katika gereji nyingi jibu hutoka kabla boneti haijafunguliwa: "Hiyo ni pampu."

Huenda ni pampu kweli. Pampu huchakaa. Ila hukumu ikitangulia ushahidi, mteja hununua pampu leo, nozeli wiki ijayo, kompyuta mwezi ujao, na gari bado linalegea palepale. Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni kwamba kila safari ya kulijaribu gari la turbo lenye njaa ya mafuta inaweza kuziua pistoni zake. Leo nina jambo moja la kuwaambia, na mengine yote yanalizunguka hilo: upungufu wa mafuta hupimwa pale na wakati uleule unapotokea, na presha ya mafuta husomwa daima sambamba na presha ya turbo. Ukiisoma peke yake itakudanganya.

Tuanze na sababu ya ukali wote huu. Ili petroli iungue kikamilifu, kila gramu moja inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Gari linalokwenda taratibu hukaa karibu na kiwango hicho. Injini ya turbo ikibebeshwa mzigo huongezewa mafuta kwa makusudi, mara nyingi ikawa gramu 11.5 hadi 12.5 za hewa kwa gramu moja ya petroli, kwa sababu mafuta ya ziada hupunguza joto ndani ya silinda na kuuzuia mchanganyiko usilipuke wenyewe. Mchanganyiko wenye mafuta machache nitauita mwepesi, wenye mafuta mengi nitauita mzito.

Sasa fikirieni turbo inaendelea kushindilia hewa ileile, lakini mafuta yamepungua. Uwiano unapanda hadi 13, hadi 14. Joto linapanda nao. Sehemu ya mchanganyiko inalipuka pembeni kabla moto ulioanzishwa na plagi haujaifikia, na ule mlio wa changarawe ndio huo. Injini isiyo na turbo inaweza kuuvumilia mlio huo siku nyingi. Chini ya busti, yaani presha ya turbo, ya bar 1 au zaidi, kingo za pistoni katikati ya ringi huvunjika, kichwa cha pistoni huyeyuka, gaskiti ya silinda hedi huachia, na sekunde chache zinatosha. Mazda RX-7 ya kizazi cha tatu, yenye injini ya rota 13B-REW, haina pistoni za kuyeyusha, lakini huumia vibaya zaidi: mlipuko wa namna hiyo huvunja sili za ncha za rota, na hapo hakuna njia ila kuishusha injini.

Kwa hiyo gari likishaonyesha dalili hizi, turbo isisukumwe tena mpaka sababu ijulikane. Mteja akikwambia, "Fundi, panda nikuonyeshe linavyofanya," mkatalie kwa heshima. Busti ishushwe hadi kiwango cha chini kabisa ambacho gari linaruhusu, na jaribio lifanyike kwenye dainamomita, yaani mashine inayolibebesha gari mzigo likiwa limesimama gereji, vipimo vyote vikirekodiwa. Dereva anayeangalia geji huku amekanyaga mpaka chini barabarani anahatarisha watu ambao hawajui hata kama gari lake lina tatizo.

Sasa niwaombe utulivu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Nozeli ni vali ndogo ya umeme inayonyunyizia injini mafuta. Kompyuta ya injini haipimi mafuta yaliyotoka kwenye nozeli. Inachojua ni muda iliouacha mlango wazi. Hesabu yake yote imejengwa juu ya imani kwamba nguvu inayosukuma mafuta kupita kwenye nozeli ni ileile. Nguvu hiyo ni tofauti kati ya presha iliyo nyuma ya nozeli, kwenye reli, yaani paipu inayogawia nozeli mafuta, na presha iliyo mbele yake, ndani ya menifoldi, yaani njia inayogawia silinda hewa. Injini ikiwa silensa, menifoldi inanyonya. Turbo ikifanya kazi, menifoldi inasukuma mafuta yarudi yalikotoka. Ndiyo maana regyuleta ya presha katika magari mengi ya turbo ina kimpira chembamba kinachokwenda menifoldi: kila busti inapopanda kwa bar 1, regyuleta inapandisha presha ya reli kwa bar 1 vilevile, na tofauti inabaki palepale.

Chukueni gari lenye presha ya msingi ya bar 3. Busti ikifika bar 1.2, reli inapaswa kusoma bar 4.2. Fundi amefunga geji, ametazama, amekuta bar 3.6. Anafurahi: "Ilikuwa 3, imepanda hadi 3.6, pampu nzima!" La hasha. Toa 1.2 kwenye 3.6, inabaki 2.4. Nozeli inasukumiwa bar 2.4 wakati kompyuta inaamini ni 3. Kiasi cha mafuta kinachopita hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ya presha, si tofauti yenyewe, kwa hiyo hapa mafuta yamepungua karibu asilimia 11. Gari lililorekebishwa liwe na uwiano wa 11.8 sasa linaunguza kwenye 13.2. Geji imepanda, na injini inakufa. Kijana ambaye ataondoka hapa ameielewa hesabu hii moja na kusahau mengine yote, kwangu atakuwa amefaidika.

Tuone pia hali mbaya zaidi. Kile kimpira cha regyuleta kimepasuka, au kimechomoka kwa sababu mtu alikirudisha bila kibanio na busti ikakipuliza. Reli inabaki bar 3 wakati menifoldi ina bar 1.2. Tofauti ni 1.8, mafuta yamepungua zaidi ya asilimia 22, na uwiano umepita 15. Kimpira cha urefu wa kiganja! Kabla hujaagiza pampu yoyote, kishike kwa mkono, kikunje, kitazame kwenye ncha zake zote mbili. Kichomoe kwenye regyuleta na kukinusa: kikiwa na petroli ndani, diaframu ya regyuleta imetoboka, na injini inanyonya mafuta kupitia njia isiyo yake. Na injini ikiwa silensa kuna jaribio la nusu dakika: soma presha kimpira kikiwa mahali pake, kisha kichomoe na uzibe upande wa menifoldi. Presha inapaswa kuruka kutoka bar 2.5 hivi hadi 3. Isipocheza, ama kimpira kimeziba, ama regyuleta imeganda.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii ni pampu ya mkono yenye geji, inayoweza kusukuma hewa na kuinyonya. Inakuwezesha kuiga busti gari likiwa limesimama. Injini imezimwa, pampu ya mafuta umeiwasha kwa kuiunganisha kwenye rilei, yaani swichi yake ya umeme, au kwa mashine ya kupimia, kimpira cha regyuleta umekivua na mahali pake umefunga pampu ya mkono. Ukisukuma bar 0.5, presha ya reli ipande kwa 0.5. Ukisukuma 1, ipande kwa 1. Ikipanda sawasawa hadi mwisho, regyuleta imefaulu. Ikifuata vizuri kisha ikagoma kwenye bar 3.8, umeshapata ukomo wa pampu, au wa kitu kilicho njiani kati ya pampu na reli, bila kuihatarisha pistoni hata moja.

Presha peke yake haitoshi. Pima na ujazo. Mrija wa kurudisha mafuta uelekeze kwenye chombo imara chenye vipimo, endesha pampu kwa sekunde 30, na ufanye hivyo huku pampu ya mkono ikishikilia busti ya kuigiza. Pampu inayouzwa kama ya lita 255 kwa saa ingetoa lita 2.1 hivi katika sekunde hizo kwenye presha iliyoandikiwa. Ukiipandishia presha itatoa pungufu, na hilo ni la kawaida kwa kila pampu. Ndiyo maana kipimo kilichofanywa bila presha hakina thamani kwetu. Kwa makadirio, injini ya turbo ya nguvu farasi 300 hunywa takriban lita 110 za petroli kwa saa ikiwa imekanyagwa mpaka chini. Mwenye gari akihamia E85, yaani mafuta ambayo sehemu kubwa ni ethanoli, ujazo unaohitajika unaongezeka kwa takriban theluthi, na pampu iliyotosha jana haitoshi leo ingawa haijaharibika.

Nisimame kidogo kwenye usalama, kwa sababu nimeona watu wakifanya vipimo hivi wakiwa na simu mkononi. Petroli iliyo chini ya bar 4 ikipata ufa hutoka kama ukungu, na ukungu wa petroli juu ya turbo yenye moto hausubiri cheche. Toa presha kabla ya kufungua paipu yoyote. Betri ikatwe unapofungua, kizimamoto kiwe karibu na mkono, milango ya gereji iwe wazi, na mpira unaotumika uwe ni wa mafuta wenye kustahimili presha, umefungwa kwa kibanio. Sitaki kusikia habari za mpira wa maji.

Haya, umeshathibitisha kwamba mafuta hayafiki. Bado hatujasema pampu. Rudi nyuma hatua kwa hatua, ukiyafuata mafuta kuelekea tangini. Filta ni rahisi: kama kuna pahali pa kufunga geji kabla yake na baada yake, tofauti kubwa ya presha itakwambia yote. Paipu iliyobonyezwa na jeki chini ya gari huonekana kwa macho. Kinachostahili muda wenu ni umeme.

Pampu ya mafuta ni mota, na mota huzunguka kadiri ya volti inazopata. Mzigo wake mkubwa kuliko wote ni wakati busti iko juu, kwa sababu hapo inasukuma dhidi ya presha kubwa na inavuta ampea nyingi. Sasa, fundi anachomoa plagi ya pampu, anaweka mita, anasoma volti 12, anasema umeme upo. Waya uliobaki na uzi mmoja mzima nao utakupa volti 12 kama hauna mzigo. Pima plagi ikiwa imechomekwa na pampu ikifanya kazi, mita moja kwenye betri na nyingine kwenye waya za pampu. Betri ikiwa na 13.8 na pampu inapata 11.5, volti 2.3 zimepotea njiani. Kwa ampea 15, hiyo ni zaidi ya wati 34 zinazogeuka joto mahali fulani kwenye waya, rilei au ithi, yaani njia ya umeme kurudi betrini kupitia bodi, na mahali hapo utapakuta pameungua au plastiki imebadilika rangi. Pima upande wa chanya peke yake, kisha upande wa ithi peke yake. Ithi husahauliwa, na mara nyingi kosa liko huko.

Baadhi ya magari haya hupunguza volti za pampu kwa makusudi wakati hakuna haja ya mafuta mengi, ili pampu isichemshe petroli bure na isipige kelele. Toyota Supra ya JZA80 yenye turbo ina kompyuta ndogo ya pampu kwa kazi hiyo. Mazda RX-7 niliyoitaja ina rilei na rezista. Subaru Impreza WRX za miaka ya 2000 huiendesha pampu kwa ngazi tatu, asilimia 33, 66 na 100. Kifaa hicho kikishindwa kupanda ngazi, pampu nzima na mpya kabisa itabaki kwenye mwendo wa polepole wakati injini inalilia mafuta, na dalili zitakuwa zilezile za pampu iliyochoka. Kabla ya kulaumu, ipe pampu umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mnene wenye fyuzi, rudia kipimo cha presha, uone kama ugonjwa umeondoka. Ukiondoka, pampu haina hatia.

Halafu tangi. Magari yenye shafti inayopita katikati kwenda magurudumu ya nyuma mara nyingi huwa na tangi lililogawanyika pande mbili, na pampu hukaa upande mmoja. Upande wa pili huvutwa na kifaa kidogo kinachoendeshwa na mafuta yanayorudi. Kikiziba, geji ya dashibodi inaonyesha mafuta yapo, na kweli yapo, ila upande ambao pampu haifiki. Jirani na hilo ni tatizo la kona. Kwenye uwanja wa mbio, kona ndefu huyasukuma mafuta ukutani mwa tangi na pampu inavuta hewa. Dereva anakwambia gari linakata kwenye kona za kulia tu, au tangi likishuka chini ya nusu. Msikilize! Neno kama "kona za kulia tu" lina thamani kuliko mashine nyingi. Dereva mzuri ni sensa, na fundi anayemkatiza anapoeleza anajinyima ushahidi.

Nozeli nazo zina sura mbili za kosa. Ya kwanza ni udogo. Kwenye mizunguko 6,000 injini ya mipigo minne humaliza mzunguko wake wa kazi kwa milisekunde 20. Nozeli ikiwa wazi kwa milisekunde 17, imetumia asilimia 85 ya muda wote, na hapo ndipo busara inaposema tosha. Ukikuta asilimia 95 au 100 kwenye rekodi, nozeli zimefika mwisho. Presha inaweza kuwa kamili na bado mafuta hayatoshi. Ndivyo inavyokuwa kwa gari lililoongezewa busti na mtu asiyegusa upande wa mafuta, na kwa hilo sina maneno laini: kuongeza hewa bila kuhakikisha mafuta ni kumuuzia mteja injini iliyokwisha kuvunjika, imebaki tarehe tu.

Sura ya pili ni nozeli moja kuziba kati ya nne. Hii ndiyo hatari zaidi, kwa sababu sensa ya oksijeni iko kwenye eksozi na inasoma mchanganyiko wa silinda zote. Nozeli moja ikipungukiwa asilimia 15, jumla ya mafuta inapungua chini ya asilimia 4. Uwiano wa 11.8 utasomeka karibu 12.3, na mtu atasema si mbaya, kumbe silinda moja iko karibu na 13.9. Toa plagi zote, zipange kwa namba, uzitazame pamoja. Moja ikiwa nyeupe na wenzake wana rangi ya kahawia, badilishana nozeli hiyo na ya jirani. Ugonjwa ukihamia jirani, umeipata. Ukibaki palepale, tafuta hewa inayoingia kwenye silinda hiyo au matatizo ya vali. Nozeli zenyewe zipimwe kwenye benchi zote pamoja, kwa presha moja, utazame ujazo na utazame unavyonyunyiza.

Nije kwenye wale wanaojifanya ukosefu wa mafuta. Namba moja ni kumisi. Sensa ya oksijeni haioni petroli, inaona oksijeni. Plagi isipowasha, hewa yote ya silinda hiyo inatoka bila kuungua pamoja na petroli yake, na sensa inaripoti mchanganyiko mwepesi. Chini ya busti hewa ni nzito, na cheche hupata shida kuruka. Koili iliyochoka au plagi yenye pengo kubwa huzimika hapohapo, kwenye mizunguko ileile ambayo pampu dhaifu ingeonekana. Pampu ngapi zimebadilishwa kwa ajili ya plagi! Dawa ni rekodi: ukiona sensa inasoma wepesi huku tofauti ya presha ya mafuta imesimama kwenye bar 3 bila kutikisika na nozeli zina nafasi, achana na mafuta, nenda kwenye moto. Eksozi iliyopasuka kabla ya sensa nayo huingiza hewa ya nje na kudanganya vilevile.

Mwingine ni paipu ya turbo inayovuja. Katika gari linalopima hewa kwa sensa iliyo kwenye mdomo wa kuingilia, hewa inayotorokea baada ya sensa imeshahesabiwa na kutolewa mafuta yake, kwa hiyo chini ya busti gari linakuwa zito, moshi mweusi, na fundi analaumu nozeli kwamba zinavuja. Gari hilohilo likiwa silensa, ufa uleule unaingiza hewa isiyohesabiwa na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Marekebisho ya mafuta yanayofanywa na kompyuta, yanayoonekana kwenye mashine ya kupimia kwa asilimia, husaidia kuwatofautisha hawa. Nyongeza kubwa ikiwa silensa inayopungua kadiri mizunguko inavyopanda inaelekea kwenye hewa inayovuja. Nyongeza inayokua kadiri mzigo unavyokua inaelekea kwenye mafuta yasiyofika. Lakini kumbukeni, gari likikanyagwa mpaka chini kompyuta nyingi huacha kurekebisha kwa kutumia sensa hiyo, kwa hiyo usitegemee namba hizo kwenye busti kamili.

Na dereva akikwambia gari linagonga ukuta ghafla, kama umeme umekatwa, kisha linarudi, fikiria kwanza kinga ya busti kupita kiasi. Kompyuta ndiyo iliyokata mafuta kwa kusudi. Njaa ya mafuta kwa kawaida hulegeza, kinga hukata.

Magari mapya yananyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na hapo kuna pampu mbili. Ya tangini inatoa bar chache, na nyingine, inayosukumwa na kemshafti, yaani shafti inayofungua vali za injini, inapandisha hadi bar 100, 200 na zaidi. Geji ya kawaida isiguswe kwenye upande huo. Presha ile inapenya ngozi. Kaa na mashine, linganisha presha ambayo kompyuta imeomba na ile iliyopatikana. Kodi P0087 ikiwaka, ina maana presha ya reli iko chini kuliko inavyotakiwa, wala haisemi ni pampu ipi. Pima upande wa presha ndogo kwanza kila mara, kwa sababu pampu ya juu isiyolishwa haiwezi kulisha. Pampu za juu nazo huharibika kweli: mwaka 2010 BMW ilirudisha magari nchini Marekani kwa sababu ya pampu hiyo kwenye injini yake ya N54 yenye turbo mbili. Na katika injini ya Volkswagen na Audi ya lita 2.0 TFSI, aina ya EA113, kuna kikombe kidogo kati ya kemshafti na pampu ambacho huchakaa hadi kutoboka. Kukitoa na kukitazama ni kazi ndogo. Kikitoboka kinaweza kuharibu kemshafti na pampu pamoja.

Baada ya kutengeneza, usimkabidhi mteja ufunguo kwa kusikia mlio mzuri. Rudisha gari kwenye dainamomita, busti ikiwa chini, urekodi mizunguko, busti, presha ya reli, uwiano wa hewa na mafuta, muda wa nozeli na volti za pampu. Toa busti kwenye presha ya reli, uchore mstari wa tofauti hiyo kuanzia mizunguko 2,500 hadi mwisho. Mstari ukiwa bapa, pandisha busti kidogo, urudie, mpaka ufike kiwango cha kawaida cha gari. Kisha rudia tena tangi likiwa robo na petroli ikiwa imeshapata joto, maana pampu inayofaulu asubuhi kwa tangi lililojaa inaweza kushindwa jioni. Mstari ukianza kuinama popote, hata kwa robo ya bar, na gari bado halijalegea, gari halitoki. Lirudi kwenye jeki, na kazi ianze upya kwenye waya za pampu.